Jipu, Tambazi, na Kijidudu Kikaacho Puani

Hapana mtu mzima katika nchi hii asiyejua jipu. Limemtoka yeye mwenyewe, au mtoto wake, au jirani yake. Limemlaza upande mmoja siku nne au tano, kisha likatumbuka, usaha ukatoka, na habari ikaisha. Kwa sababu hiyo watu wengi hulidharau. Lakini yako maradhi mengine makubwa, ambayo watu hawayahesabu kuwa ni ndugu wa jipu, nayo huua watu wenye nguvu zao: tambazi la paja, usaha ndani ya mfupa wa mtoto, na homa kali itokeayo damu ikiingiwa na vijidudu. Maradhi hayo, kwa sehemu kubwa, yana baba mmoja na jipu. Twataka leo kueleza habari za baba huyo, na hasa habari za tambazi, kwani ndilo lenye mashaka mengi katika vijiji vyetu, tangu Bulongwa na Makete yote mpaka Njombe na Makambako.

Zamani hata matabibu wa Ulaya hawakujua usaha hutoka wapi. Wengine walidhani ni hewa mbaya, wengine walidhani ni jambo la kawaida la kidonda kupona. Katika mji wa Aberdeen, nchi ya Scotland, alikuwako daktari mpasuaji jina lake Alexander Ogston. Yeye alitwaa usaha wa mgonjwa mwenye jipu kali, akautazama kwa hadubini, yaani chombo cha vioo kikuzacho vitu vidogo, akaona vidonge vidogo vya mviringo vimeshikamana vichala vichala. Akavikuza ndani ya mayai ya kuku, kisha akawatia panya, na panya wakatoka majipu. Habari hizo alizisoma mbele ya mkutano wa wapasuaji mjini Berlin mwaka 1880. Mwaka 1882 akavipa vijidudu hivyo jina la Kiyunani lenye maana ya kichala cha zabibu, nasi kwa ulimi wetu twaweza kusema stafilokoko. Mwaka 1884 Mjerumani Rosenbach akaona ya kuwa viko vya namna mbili: vingine vikioteshwa hufanya rangi ya dhahabu, na vingine hufanya rangi nyeupe.

Tofauti hii ya rangi si ya mchezo. Vile vyeupe hukaa juu ya ngozi ya kila mtu, mzee na mtoto, siku zote, na kwa desturi havidhuru, ila vikipata njia ya kuingia mwilini kwa mpira wa dawa uliotiwa mshipani au kwa chuma kilichotiwa mfupani. Vile vya rangi ya dhahabu ndivyo vikali. Navyo pia hukaa kwa watu wazima wenye afya, mahali pake hasa ni tundu za pua. Katika kila watu 10, kadiri ya watu 3 wanavyo puani bila kujua na bila kuumwa. Basi mwalimu mwenye watoto 40 darasani na ajue ya kuwa watoto wapatao kumi na zaidi wamevichukua, wala hapana lawama juu ya mtu. Udogo wake ni huu: ukivipanga mstari mmoja, vyahitajiwa 1,000 ili kujaza milimita moja ya rula.

Kama vinakaa kwetu hivi kwa amani, kwa nini basi tusiugue kila siku? Ni kwa sababu ngozi ni ukuta. Ukuta ukiwa mzima, adui husimama nje. Ukitoboka, huingia.

Na katika milima yetu ya Ukinga matundu ya ukuta huo ni mengi. Mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali, hata asubuhi majani huwa meupe kwa barafu. Maji ya mtoni huuma kama kisu, na mtu akiahirisha kuoga si ajabu. Watoto watatu hulala chini ya blanketi moja. Mmoja akiwa na upele, wote huupata, hujikuna usiku kucha, na kucha zilizoshika pua ndizo zikunazo ngozi. Asubuhi mama huona malengelenge yenye usaha, yakipasuka hufanya magaga ya rangi ya asali. Huyo ndiye yule yule wa puani, ingawa mara nyingine huwa pamoja na kijidudu cha ukoo mwingine. Kupaka dawa ya usaha peke yake bila kuutibu upele ni kazi bure, na kumtibu mtoto mmoja akaachwa mwenzake wa kitanda ni kazi bure vile vile. Funza wa miguuni nao hufungua mlango, hasa wakitolewa kwa pini isiyochemshwa ipitayo mguu hata mguu. Moto wa jikoni tuuotao usiku huwaunguza watoto. Jembe la shamba la viazi, msumeno wa mbao, wembe wa kunyolea kichwa unaotumiwa na watu wengi: yote haya hufungua mlango.

Tutazame sasa lifanyikalo ndani ya jipu, maana asiyelifahamu jambo hili hataelewa habari ya tambazi. Kijidudu kikiingia katika shina la unywele, huanza kuzaana na kutoa sumu. Damu hupeleka askari wake, yaani chembe nyeupe. Mahali pale huwa pekundu, pa moto, pamevimba na panauma. Hivyo ni vita. Askari wengi hufa, na vijidudu vingi hufa, na nyama ya mahali pale hufa. Mizoga hiyo yote pamoja ndiyo usaha. Mwili hujenga boma kuuzunguka usaha ili usienee. Boma hilo ni jema, lakini lina hasara yake: ndani yake damu haipiti, na mahali damu isipopita dawa haifiki. Ndiyo sababu mtu aweza kumeza vidonge vingi na jipu lililoiva lisisikie neno. Dawa ya usaha uliokusanyika ni kutoka nje.

Jipu dogo la kawaida hutunzwa nyumbani. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto yasiyounguza, kikawekwa juu yake mara tatu au nne kwa siku, hulifanya liive na kutumbuka lenyewe. Likitumbuka, lifunikwe kwa kitambaa safi, na kitambaa kilicholowa usaha kichomwe au kichemshwe, kwa kuwa kijidudu hiki huweza kuishi majuma mengi katika nguo kavu. Lisiminywe. Aminyaye jipu huvunja lile boma kwa ndani, na usaha utakaokwenda ndani ni mwingi kuliko utakaotoka nje. Jipu la usoni, hasa la puani na la mdomo wa juu, ni hatari zaidi ya yote kuminywa, maana mishipa ya damu ya mahali pale ina njia ya kwenda mpaka ndani ya kichwa. Hilo lipelekwe kwa daktari. Kadhalika jipu la mtoto mchanga, jipu lenye homa, jipu linaloenea wekundu wake kila siku, na jipu la ziwa la mama anyonyeshaye. Mama huyo asiache ziwa lijae na kuwa gumu. Alikamue, na juu ya kunyonyesha aulize kwa muuguzi.

Sasa tambazi. Jina lenyewe lafanana na kutambaa, na walioliita hivyo waliona vema, kwa kuwa uvimbe huenda chini ya ngozi pasipo kuonyesha kichwa. Matabibu huueleza ugonjwa huu kuwa ni usaha ndani ya nyama ya misuli. Daktari mmoja Mjerumani aliyekuwa Japani, jina lake Scriba, aliuandika mwaka 1885. Lakini nchi zenye joto, na Afrika ya Mashariki hasa, ndizo zilizouona sana. Madaktari wa Mulago, mjini Kampala, waliandika habari zake katika jarida la matabibu la Afrika ya Mashariki mwaka 1968, maana wodi zao za upasuaji ziliuona mara nyingi. Mara nyingi sana usaha ukipimwa, aonekanaye ni yule yule stafilokoko wa rangi ya dhahabu.

Huja hivi. Kijidudu huingia katika damu kwa kipenyo kidogo, pengine mkwaruzo ambao mtu hakuuangalia. Misuli yenye afya hukikataa. Ni vigumu sana kuota humo. Lakini misuli iliyopigwa, au iliyochoshwa kwa kazi ya nguvu, ina mahali palipovilia damu, na hapo hupata makao. Kwa hiyo ugonjwa hupenda vijana na watoto, na wanaume kuliko wanawake: mpasua mbao, mchukuzi wa magunia ya viazi, kijana aliyepigwa teke mchezoni. Paja na tako ndizo sehemu zake kuu, kisha ndama ya mguu, bega, mgongo, na misuli ya ndani ya nyonga. Akishikwa mahali hapa pa mwisho mgonjwa hutembea ameinama, wala hawezi kunyosha paja.

Mwanzo wake ni wa hila. Siku nyingi, pengine juma moja hata mawili, hapana ila maumivu ya mahali pamoja na homa ndogo. Ukibonyeza, nyama ni ngumu kama ubao. Ngozi ya juu ni nzima, haina wekundu, kwa sababu usaha uko chini sana. Mtu husema amejinyonga kiungo, hukandwa. Au husema ni malaria, hunywa dawa za malaria. Kisha homa hupanda, uvimbe hukua, maumivu humzuia kulala. Wakati huo usaha umekwisha kukusanyika, na sindano ya daktari ikivuta, huuona. Asipotibiwa bado, vijidudu hutoka vikaingia katika damu yote, vikafika mapafuni, moyoni na katika figo, na mgonjwa hutetemeka, pumzi hupanda, akili humpotea. Wengi wafikao hapo hufa.

Hapa ndipo penye neno nililotaka kulifikisha. Iko imani mahali pengi katika Tanzania ya kuwa tambazi halitaki sindano wala kisu, na ya kuwa mgonjwa wa tambazi akipigwa sindano hospitalini atakufa. Kwa imani hiyo jamaa humficha mgonjwa nyumbani, humpaka dawa za majani, humchanja kwa wembe juu ya uvimbe, na hospitali huifanya kuwa mlango wa mwisho. Sitaki kuwacheka wanaoamini hivyo. Wameona kwa macho yao: fulani alipelekwa, akachomwa sindano jioni, akafa usiku. Lakini na tuulize, alipelekwa siku ya ngapi? Kama alikaa nyumbani majuma matatu, akabebwa siku alipokuwa hajui mkono wa kuume na wa kushoto, basi vijidudu vilikuwa vimekwisha kuenea katika damu yake kabla sindano haijatoka katika chombo chake. Sindano ilikuta mauti njiani. Aliyekwenda siku ya tano, akatibiwa, akarudi shambani, habari zake hazisimuliwi, kwa kuwa hakuna matanga.

Mimi niandikaye kazi yangu ni kalamu na daftari, si kisu cha daktari. Lakini hesabu kama hiyo hata karani aweza kuifanya. Wazee wa vijiji na walimu wakitaka kuijaribu, na waulize katika kila habari ya tambazi waisikiayo swali moja tu: siku ngapi zilipita kabla ya kwenda? Matibabu yenyewe hayana siri. Ugonjwa ukiwahiwa kabla ya usaha kukusanyika, dawa za kuua vijidudu peke yake zaweza kutosha. Usaha ukiisha kukusanyika, daktari humlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, hupasua, huutoa, huacha njia ya mabaki kutoka, na dawa huendelea majuma kadhaa. Ni lile lile la jipu, ila boma ni la ndani. Na wembe wa kuchanja juu ya uvimbe haufiki uliko usaha. Hufungua milango mipya tu, na ukitumiwa kwa watu wengi huleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Katika wilaya ya Makete watu hawako mbali sana na msaada kama walivyokuwa babu zao. Hospitali ya Kilutheri iko Bulongwa, ya Wakatoliki iko Ikonda, na wapasuaji wamezoea kazi hii. Nauli ni neno zito, najua, na mvua za masika huwatesa wachukuzi wa wagonjwa. Lakini safari ya siku ya tano hulipiwa nauli ya mtu akaaye kitini, na safari ya siku ya ishirini hukodiwa gari zima.

Usaha wa mfupa nitaueleza kwa maneno machache, maana njia yake ni ile ile. Huwashika watoto zaidi. Mtoto ghafula hukataa kuutumia mguu au mkono mmoja, ana homa, na ukigusa karibu na goti au bega hulia sana, wala hakuanguka vibaya. Huyo asikandwe. Akicheleweshwa, kipande cha mfupa hufa ndani, na tundu la usaha hukaa wazi miaka na miaka.

Kijidudu hiki kina hila nyingine isiyokuwa na jipu wala homa, nayo hufaa ijulikane kwa wapishi wa harusi na misiba. Mpishi mwenye jipu au kidonda chenye usaha mkononi hushika nyama iliyokwisha kupikwa, au wali, au maziwa. Chakula kikawekwa katika sufuria vuguvugu tangu asubuhi hata jioni. Vijidudu huzaana humo na kutoa sumu, na chakula hakibadiliki harufu wala ladha. Walao huanza kutapika baada ya saa chache tu, pengine baada ya nusu saa, kundi zima kwa mara moja, na papo hapo hutafutwa mchawi au mtu aliyetia sumu. Aliyetia sumu ni kidole chenye jipu! Wala kukichemsha chakula tena hakufai, maana moto huua kijidudu, lakini sumu yake iliyokwisha kutoka hustahimili mchemko. Mwenye kidonda mkononi akate kuni, asipakue. Wagonjwa kwa desturi hupona kwa siku moja au mbili, nao wapewe maji ya kunywa mengi. Ila watoto wadogo na wazee waangaliwe sana.

Yabaki habari ya dawa. Wengi wamesikia jina la penisilini, lakini si wengi wajuao ya kuwa ilipatikana kwa ajili ya kijidudu hiki hiki. Mwezi wa Septemba 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Alexander Fleming alirudi kutoka likizo akakuta sahani alimootesha stafilokoko imeingia ukungu, kama ule wa mkate uliolala, na kuuzunguka ukungu vijidudu vimekufa. Ikapita miaka zaidi ya kumi kabla wataalamu wa Oxford hawajaweza kuitenga dawa yenyewe. Mwezi wa Februari 1941 walimtia askari polisi mmoja, Albert Alexander, ambaye uso wake ulikuwa umeoza kwa usaha. Akaanza kupona mbele ya macho yao. Lakini dawa iliyokuwapo ilikuwa kidogo mno. Waliichuja hata katika mkojo wake wakamrudishia, ikaisha, ugonjwa ukamrudia, naye akafa mwezi wa Machi.

Kijidudu nacho hakikulala. Katika miaka ile ile ya 1940 vilionekana vile vyenye uwezo wa kuivunja penisilini, na siku hizi zaidi ya 9 katika kila 10 haviijali tena. Mwaka 1959 ikatengenezwa dawa nyingine, metisilini, na mwaka 1961 Uingereza wakatangaza ya kuwa viko vinavyoishinda na hiyo pia. Vya namna hii vimekwisha kuonekana hata kwetu, katika hospitali za Muhimbili na Bugando. Kwa hiyo anunuaye dukani vidonge vinne vya rangi mbili, akameza viwili na kumwekea mkewe viwili, huwaua vijidudu dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaane peke yao. Dawa ipewayo na daktari kwa siku saba humezwa siku saba, hata kama maumivu yameisha siku ya tatu. Na kwa jipu lililopasuliwa vema mara nyingi hapana haja ya vidonge kabisa. Daktari asipokupa usidhani amekunyima.

Kuna watu ambao majipu huwarudia, likipona hili hutoka lile, mwaka mzima. Mtu wa namna hiyo apimwe mkojo na damu, kwani ugonjwa wa kisukari hufungua njia, na virusi vya UKIMWI hufungua njia. Katika mkoa wa Njombe jambo hili la pili haliwezi kupitwa kimya: hesabu ya taifa ya mwaka 2022 na 2023 iliuona mkoa huu kuwa wa kwanza katika Tanzania, watu wazima kama 12 au 13 katika kila 100. Tambazi pia huwapata zaidi wenye virusi hivyo wasiotumia dawa, na wakianza dawa mapema miili yao hupata nguvu ya kupigana. Akipimwa na kuonekana hana moja wala jingine, basi mara nyingi kijidudu kinazunguka nyumbani mwake, puani mwa huyu na katika taulo la yule. Hapo nyumba nzima hutibiwa pamoja: kila mtu na taulo lake na wembe wake, kucha zikatwe fupi, kuoga kwa sabuni kila siku, na maji yapashwe moto kama ni wakati wa baridi, shuka, foronya na nguo za ndani zichemshwe, zianikwe juani mpaka zikauke kabisa, kisha zipigwe pasi ya moto, na daktari aweza kutoa dawa ya kupaka ndani ya tundu za pua kwa siku tano.